Unahamia Mombasa? Soma hii kabla hujalipa dipoziti ya nyumba

Kila mtu akipata kazi Mombasa swali ni lile lile, "mtaa gani mzuri wa kupanga?" na mimi kila nikiulizwa narudisha swali: kazi yako iko ng'ambo gani? Manake huu mji ni kisiwa, na kuingia kisiwani njia zenyewe ni za kuhesabu. Kaskazini kuna daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa, kusini kuna feri ya Likoni. Ukikosea hapo hata upate nyumba nzuri vipi, taili mpaka jikoni, utaichukia kabla mwezi wa tatu haujaisha. Mimi nimekaa pande zote hizo pamoja na kisiwani kwenyewe, nimehama mara tano, na haya naandika kwa yule anaekuja na begi lake na hana mtu wa kumuuliza.

Hatua ya 1: Hesabu utavuka maji mara ngapi kwa siku

Chukua karatasi, andika kazi iko wapi, shule ya watoto iko wapi, na kama una mgonjwa anaenda kliniki kila mwezi andika na hiyo hospitali. Halafu angalia kama vyote vinaweza kuwa upande mmoja wa maji. Vikiweza, tafuta nyumba upande huo huo na usishawishike na kitu kingine. Hilo ndo jambo kubwa kuliko yote ntakayosema hapa.

Kaskazini, yaani Kongowea, Nyali, Kisauni, Bamburi mpaka Shanzu, asubuhi magari yote yanaelekea kisiwani na jioni yote yanarudi, na yote yanapita daraja moja. Ukiwa unafanya kazi taun na unakaa Bamburi, wewe uko ndani ya hiyo foleni asubuhi na jioni. Lakini geuza mambo: mtu anaefanya kazi kwenye hoteli za Bamburi au Shanzu na anakaa kisiwani, Tudor au Tononoka, anaenda kinyume na foleni, asubuhi anapita daraja huku anawaangalia wenzake wa upande wa pili wamesimama. Watu hawafikirii hivi kabisa, wanajua tu "Bamburi mbali", kumbe mbali inategemea unatoka wapi.

Magharibi ni Changamwe, Magongo, Port Reitz, Chaani, Mikindani, Jomvu, Miritini. Huku ndo kwenye bandari, viwanda na malori. Daraja jipya la Makupa lilifunguliwa 2022 pale palipokuwa na ile njia ya kujazwa mawe na udongo, lakini kontena bado zinapita humo humo na lori moja likiharibika mahali pabaya asubuhi yako imekwisha. Kama kazi yako ni bandarini upande wa Kipevu au kwenye kiwanda Changamwe, kaa huku huku. Uwanja wa ndege uko huku, na steshen ya treni ya SGR iko Miritini tangu 2017, kwa hivo mtu wa kwenda Nairobi kila wiki mbili pia huku panamfaa.

Kusini ni Likoni, Mtongwe, Shelly Beach, Shika Adabu. Kodi ziko chini na watu ni wakarimu sana, lakini kuna feri. Kwa miguu huilipii hata shilingi, na usiku inatembea. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula wakati ni kungoja. Mnasimama chini ya kile kibanda kirefu, umati, geti likifunguliwa watu wanateremka mbio, na we kama una mtoto mgongoni na kapu mkononi unajibana pembeni uwapishe wenye haraka. Simu iweke mfuko wa mbele. Na siku feri moja ikienda kurekebishwa ule umati unakuwa mara mbili. Nilikaa Likoni mwaka mzima na nilipapenda, ila kazi ilikuwa Ganjoni kule kisiwani, na nilijifunza kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa kazi ya saa mbili. Mwenye gari siku hizi ana barabara ya Dongo Kundu inayomtoa upande wa Likoni mpaka Miritini bila kugusa feri, asie na gari ajipange.

Kabla hujaamua, ifanye hiyo safari wewe mwenyewe siku ya Jumatatu, saa ile ile utakayokuwa unatoka. Sio Jumapili. Jumapili Mombasa yote iko karibu.

Hatua ya 2: Kodi sio ile uliyoambiwa

Kodi ya kweli ni kodi na nauli na maji. Nipe nikupigie hesabu ya mfano, nambari utaweka zako. Tuseme umepata wan bedrum ya 8,000 huko ndani, unafurahi. Matatu 70 kwenda na 70 kurudi, siku 26 za kazi, hiyo ni 3,640. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni bodaboda 50 kwenda 50 kurudi, hiyo 2,600. Maji hayaji, unanunua mitungi mitano kwa siku kwa shilingi 20, mwezi ni 3,000. Jumlisha, nyumba yako ya 8,000 imekuwa 17,240. Na kuna nyumba ya 13,000 karibu na kazi, maji yamo ndani ya kodi, ulipita mlangoni pake ukasema ghali.

Nauli usiulize ya mchana peke yake. Uliza ya saa kumi na mbili asubuhi, uliza ya jioni, na uliza siku ya mvua, manake hizo ni bei tatu tofauti na gari ni lile lile. Halafu kuna stima: uliza kama kila nyumba ina mita yake ya tokeni. Mkishea mita moja na jirani ana friji mbili za kuuza soda, mwezi wa kwanza tu mshaanza kununiana.

Hatua ya 3: Maji ya bomba, na hapa nitakaa kidogo

Kaunti hii haina mto wake wa kutegemea. Maji tunayotumia yanatoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki Kilifi, Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Yakifika hapa yanakuwa hayatoshi kila mtu, kwa hivo yanakuja kwa mgao, mtaa fulani siku fulani, na mtaa mwingine unasubiri. Ndo maana swali "kuna maji?" halina maana, keateka atakujibu yapo na hajasema uongo. Uliza hivi: yanakuja siku ngapi kwa wiki? Saa ngapi? Yana nguvu ya kupanda ghorofa ya tatu yenyewe au mpaka pampu? Tangi ni la lita ngapi na mko nyumba ngapi mnaoligawana? Stima ikipotea pampu inafanyaje?

Halafu usitegemee majibu, angalia mwenyewe. Ukiingia ploti tazama veranda. Kila mlango ukiwa na safu ya mitungi ya manjano, sita, saba, na pipa kubwa la bluu, jua hapo maji yanakuja kwa nadra, hata waseme nini. Mitungi miwili mitatu ya akiba ni kawaida, kila nyumba ya Mombasa inayo.

Fungua bomba. Likitoa maji, onja kidogo kwa ulimi uteme. Sehemu nyingi za Kisauni, Bamburi, Likoni na hata kisiwani nyumba zinatumia maji ya kisima na mengine yana chumvi. Kama hujui kuionja chukua kipande cha sabuni unawe mikono: maji ya chumvi sabuni haitoi povu vizuri. Tazama na shawa, matundu yakiwa yamezibwa na kitu cheupe kigumu, ni chumvi hiyo, na ndo itakaa kwenye hita yako, kwenye sufuria yako na kwenye nguo nyeupe za shule. Maji ya chumvi sio mwisho wa dunia, watu wanaoga na kufulia miaka nenda miaka rudi, lakini lazima ujue kwamba ya kunywa na ya chai utanunua, uyaweke kwenye hesabu.

Na la kisima lina lingine. Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yana matundu matundu, kinachoingia kwenye choo cha shimo hakikai pale pale. Kwa hivo angalia kisima kiko umbali gani na choo. Vikiwa vimekaribiana, hata maji yawe matamu na yanang'aa, chemsha au tia dawa, hasa ukiwa na watoto wadogo. Hili nalisema kwa uchungu, mwanangu wa kwanza alilazwa kwa tumbo mwezi mzima hatujajua ni nini, mpaka bibi mmoja jirani akaniambia, "Mwanangu, haya maji ya hapa sisi hatumpi mtoto bila kuyapika." Kila mtu pale ploti alijua, mimi mgeni sikuuliza.

Mtafute na mtu wa mkokoteni wa maji. Huyo ndo anajua mtaa kuliko keateka na ejenti wote. Muamkie vizuri, muulize kazi inamuendea vipi mtaa huu. Akikwambia anauza kila siku mpaka usiku, ushapata jibu lako.

Hatua ya 4: Joto, upepo, na mvua ya masika

Mtu wa kutoka bara anatafuta nyumba mwezi wa saba, anasema mbona Mombasa hakuna joto la kutisha. Mwezi wa saba kuna kusi, upepo unapita. Ngoja mwezi wa kwanza na wa pili. Kwa hivo simama katikati ya chumba cha kulala, fungua madirisha yote, uskie kama hewa inaingia upande mmoja na kutoka mwingine. Dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani futi tatu mbele, hapo feni itazunguka hewa ile ile ya moto usiku kucha na tokeni zinakwisha. Ghorofa ya mwisho kabisa chini ya zege tupu au mabati bila siling pia ipigie hesabu, zege linakunywa jua mchana linakurudishia usiku. Ya pili kutoka juu ndo ninayochagua mimi siku zote.

Mvua ni mwezi wa nne na wa tano. Usidanganyike kiangazi kikikuonyesha mtaa mkavu. Tazama kuta za nje chini, kama kuna mstari wa udongo unaozunguka nyumba usawa wa goti, maji yalifika hapo. Tazama kama watu wamejenga kizingiti cha saruji mlangoni, hakuna anaejenga kile kitu kwa urembo. Muulize mwenye duka, "Kaka, masika yaliyopita maji yalifika wapi hapa?" Atakuonyesha kwa kidole.

Ukiwa karibu na bahari angalia grili na bawaba za milango, hewa ya chumvi inakula chuma. Sio sababu ya kukataa nyumba, ila grili iliyokwisha kuoza haizuii mwizi.

Mitaa yenyewe, haraka haraka

Kizingo, Nyali na sehemu za Tudor ni pesa, kama unayo hakuna la kukushauri. Ganjoni na Tononoka ni karibu na kila kitu kisiwani na nyumba za zamani zina vyumba vikubwa. Majengo, Bondeni na Mwembe Tanganyika kuna zile nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, choo na bafu uwani, chumba kimoja kwa bei ya chini na unatembea kwa miguu mpaka Marikiti, ila faragha ni ndogo. Mji wa Kale ni mtulivu na pazuri, lakini vichochoro havipiti gari, jiulize friji utaipitisha wapi. Kongowea kuna soko kubwa, chakula rahisi, kelele na matope. Kiembeni, Mtopanga na Utange wanakaa sana watu wenye familia, nafasi ipo, ila ni ndani kutoka barabara kuu na ile boda ya mwisho ndo inayomaliza pesa. Mikindani na Magongo wafanyakazi wengi, kodi ya wastani. Mtwapa watu wanaiita Mombasa lakini ishaingia Kilifi, ni kaunti nyingine, na usiku hapalali.

Hatua ya 5: Rudi usiku

Utaskia "Kisauni hatari", "Likoni hatari". Hayo ni maeneo makubwa yenye maelfu ya watu wanaoamka wanaenda kazini, na usalama wa Mombasa unabadilika kwa kichochoro, sio kwa jina la mtaa. Nyumba mbili zimeachana mita mia mbili na maisha ni tofauti kabisa. Kwa hivo jina lisikutishe na jina lisikupe moyo.

Fanya hivi. Nenda saa nne usiku, ukiwa na mwenyeji, mwambie bodaboda wa stejini akupeleke mpaka kwenye geti la hiyo nyumba. Akikwambia "mimi nakushusha hapa barabarani, ndani siingii", usimbembeleze, shukuru urudi zako. Akiingia, angalia kuna taa? Maduka yako wazi? Kina mama bado wanauza viazi karai nje? Mahali mama anakaa na karai lake na pesa zake kwenye kopo mpaka saa nne, na watoto bado wanatumwa dukani, hapo ni pazuri. Kesho yake asubuhi mtafute mzee wa mtaa ujitambulishe, ni heshima, na yeye ndo atakayekupigania ukipata shida.

Ukiwa hapo uskize sauti pia. Msikiti ukiwa ukuta kwa ukuta adhana ya alfajiri utaiskia, kanisa likiwa na spika Jumapili utaliskia, na karibu na klabu hutalala kuanzia Ijumaa. Mwezi wa Ramadhani mitaa mingi ya kisiwani maisha yanahamia usiku, watu wanatoka baada ya taraweh, vyakula barabarani, watoto wanacheza mpaka usiku wa manane. Mimi naupenda huo mwezi kuliko yote. Mwenye zamu ya alfajiri bora ajue mapema.

Hatua ya 6: Nani mwenye ardhi?

Hili watu wa bara wengi hawalijui. Mombasa kuna nyumba bila ardhi, yaani mwenye nyumba ni mtu mmoja na mwenye kiwanja ni mwingine, na mwenye nyumba analipa kodi ya ardhi. Ni mtindo wa zamani na watu wamezeeka humo kwa amani. Lakini ikitokea kesi kati ya hao wawili, au kiwanja kikiuzwa, mpangaji ndo anaamshwa na tingatinga bila kujua lolote. Kwa hivo uliza wapangaji wa zamani, sio keateka, kama kuna kesi. Ukiona ukutani pameandikwa kwa rangi kwamba nyumba haiuzwi, au kuna alama nyekundu ya X, simama kwanza uulize.

Hatua ya 7: Pesa itoke mwisho

Nilipohamia mara ya kwanza ejenti mmoja aliniomba pesa ya kuonyeshwa nyumba kwanza, nikatuma, akanionyesha nyumba ambayo watu bado wanakaa na hawana habari ya kuhama. Simu yake ikazimwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo mtindo wangu ni kutembea mtaani mwenyewe, nikisoma vibao vya "nyumba inakodishwa" na kuuliza maduka na wapangaji. Nyumba zote nne zilizofuata nilizipata hivo.

Ukiipenda, omba kuongea na mwenye nyumba mwenyewe. Lipa kwa M-Pesa au benki, na jina linalotokea liwe ndo lile lililo kwenye karatasi ya makubaliano, likiwa jina la mtu mwingine usitume. Karatasi iseme kodi ni ngapi, dipoziti ngapi na inarudishwa lini na kwa masharti gani, maji na takataka nani analipa, notisi ya kuhama ni muda gani. Sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, wewe pengine utalipa zaidi ya hapo, kwa hivo hiyo karatasi yenu ndo itabeba uzito. Kabla hujaingiza hata kiti piga picha kila ukuta, kila sinki, kila kioo kilichopasuka, mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote wawili.

Siku ya kuhama epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, pikapu zinapandisha bei na kila mtu anahama. Kama unavuka Likoni na mizigo, gari hulipia feri na foleni ya magari ni yake mbali, panga kuvuka alfajiri sana au usiku. Kitasa cha mlango badilisha siku hiyo hiyo. Na mtungi wa maji ya kunywa uje nao mbele na dereva, usiuzike chini ya magodoro, manake utafika umechoka, una kiu, na siku ya mgao ya huo mtaa inaweza kuwa kesho kutwa.